Makipa Watatu na Jozi Moja ya Glovu

Mtu akiniuliza ni kazi gani iliyonishinda maishani, simtajii ualimu, ingawa nimeufanya miaka 31 na wapo niliowafundisha ambao mpaka leo hawajui kugawanya. Namtajia makipa watatu. Mwaka 2004, nikiwa kocha msaidizi wa timu moja ya hapa Kigoma mjini iliyocheza ligi ya mkoa, niliachiwa walinda mlango watatu, mkubwa wao akiwa na miaka 19 na mdogo 16, nikaambiwa niwalee mpaka ligi iishe. Timu yenyewe sitaitaja jina. Baadhi ya viongozi wake wangali hai, nasalimiana nao sokoni, na haya ninayoyaandika yananihusu mimi zaidi kuliko yanavyowahusu wao.

Ilikuwa hivi. Kipa wetu wa siku zote, mtu mzima wa miaka 33, alipata kazi ya kudumu Mwanza wiki tatu kabla ya ligi kuanza. Hakuna aliyeweza kumlaumu. Posho tuliyokuwa tukiwapa wachezaji ilikuwa nauli na sahani ya wali, tena sahani hiyo haikuwa ya kila mechi. Kocha mkuu alikuwa mshambuliaji enzi zake, na kama washambuliaji wengi aliamini kwamba makipa ni taifa jingine lenye lugha yake. Aliponiona uwanjani asubuhi ile aliniambia, "Hao ni watu wako, mwalimu. Wewe niletee jina moja tu kila Jumamosi." Kisa chake ni kwamba mimi niliwahi kudaka nilipokuwa chuo cha ualimu, miaka ya 1970. Nilidaka kwa sababu nilikuwa mrefu na sikuwa na mbio. Sikumweleza hilo.

Ni lazima msomaji akumbuke ulikuwa wakati gani. Mwaka mmoja nyuma, Agosti 2003, Simba walikwenda Cairo kurudiana na Zamalek, mabingwa wa Afrika wa mwaka uliotangulia. Hapa nyumbani Simba walikuwa wameshinda 1-0, kule wakafungwa 1-0, ikaja mikwaju ya penalti, na langoni alisimama Juma Kaseja, kijana wa hapa hapa Kigoma aliyezaliwa 1985. Simba wakashinda penalti 3-2 na bingwa akavuliwa taji akiwa kwake. Usiku ule watu walitoka nje na redio zao Mwanga nzima, na hata sisi tusio wa Simba tulitoka. Kabla ya hapo kijana wa Kigoma akipewa mpira alitaka kuwa fowadi. Kumweka mtoto golini ilikuwa adhabu ya kuchelewa kufika, au ya kuwa mnene. Baada ya Cairo wakaanza kugombania goli. Chandimu za ufukweni zikawa na makipa watatu watatu wakibishana nani aanze.

Basi wangu watatu walikuwa matunda ya mvua hiyo. Wa kwanza alitoka Kibirizi, mtoto wa mvuvi, mrefu, mwenye viganja ambavyo ukivishika unadhani umeshika kasia. Huyo ndiye aliyekuwa na miaka 19. Mpira ukiingia mikononi mwake hautoki. Wa pili alitoka Ujiji, mfupi kwa kipa, mwanafunzi wa sekondari, ana ujasiri wa kujitupa miguuni mwa mtu bila kufikiri meno yake yatakwenda wapi. Wa tatu alikuwa akijifunza useremala Gungu, na kipaji chake kikubwa kilikuwa mdomo. Aliwapanga mabeki vizuri kuliko kocha. Ingewezekana kuwaunga wakawa mtu mmoja, tungekuwa na kipa wa Taifa Stars. Kwa kuwa haikuwezekana, katika mechi nne za kwanza tulifungwa mabao 11.

Mabao 11 si hesabu ya kipa peke yake, hilo kila aliyecheza analijua. Mabeki wetu walikuwa wazito na kiungo wetu mmoja alikuwa akicheza na malaria. Lakini watu hawaangalii beki aliyepitwa, wanamwangalia yule anayekwenda kuutoa mpira nyavuni. Fowadi akikosa mabao matatu na kufunga la nne, anabebwa. Kipa akidaka mipira tisa na kutema wa kumi, watu wanamjua kwa huo wa kumi. Goli lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44, na ndani yake hakuna pa kujificha. Tena vijana wale walirithi mchezo uliobadilika. Mimi nilipodaka, mpira ukinirudia kutoka kwa beki wangu naudaka na kupumzika nao, na uwanja mzima unapumzika nami. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 1992, beki akikurudishia kwa mguu huruhusiwi kuushika kwa mikono. Inabidi uupige, na vijana wangu wawili hawakuwa na mguu wa kuaminika.

Kamati ikakaa. Wakasema tulete kipa wa kukodi kutoka mkoa mwingine. Mweka hazina akafungua daftari, akalifunga, shauri likaisha. Ndipo nikapendekeza zamu: kila mmoja acheze mechi moja, akae mbili, kisha arudi. Niliwaeleza kwamba kijana akijua zamu yake inarudi, hata akifungwa matano, hatalala na kisu moyoni. Walinikubalia haraka mno. Sasa naelewa kwamba walifurahi kupata mtu wa kumlaumu.

Zamu ile ilikuwa na mwenzake ambaye hakuketi kwenye kamati, nao ni mwezi wa angani. Asiyekaa kandokando ya Ziwa Tanganyika huenda hajui kwamba dagaa wetu huvuliwa usiku kwa taa. Wakati ule zilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi wengi wanatumia taa za betri na za nguvu ya jua. Jua likizama mitumbwi inatoka, taa zinawashwa katikati ya maji, dagaa na mgebuka wanaufuata mwanga, wavu unainuliwa, na alfajiri watu wanarudi. Ukitazama ziwa usiku wa giza kutoka juu Mwanga unadhani kuna mji wa pili kule majini. Lakini mwezi ukiwa mpevu taa hazina kazi, samaki wanatawanyika, na wavuvi wanakaa nchi kavu kushona nyavu. Kwa hiyo kijana wangu wa Kibirizi alikuwa kipa mzuri sana kwenye mbalamwezi na kipa wa usingizi kwenye giza. Nililijua hilo mapema. Nilijitahidi kuhesabu siku ili zamu zake ziangukie kwenye mwezi, nikawa na kalenda yenye alama za duara kama shehe anayesubiri kuandama. Ila ratiba ya ligi haiandikwi na mwezi. Mechi ikiahirishwa wiki moja, hesabu yote inavurugika.

Mazoezi tulifanya kwenye mchanga Kibirizi jioni, na siku nyingine kwenye ukuta wa shule yangu. Niliwatupia mipira ya matambara miwili kwa wakati mmoja, mmoja wa kudaka na mmoja wa kupangua, waamue wenyewe upi ni upi. Nilimwaga maji juu ya mpira wa ngozi. Nilimfunga yule wa Ujiji kamba kiunoni, nyingine nikaifunga kwenye mwamba wa goli, ili ajue asitoke zaidi ya hatua tano kwenye krosi. Kamba ilimsaidia wiki mbili, kisha akaanza kuiogopa hata ikiwa haipo. Kocha mwenzangu alicheka mpaka akakaa chini.

Jambo ambalo sikuliona ni kwamba zamu yenyewe iliwaumiza. Nilidhani nimewaondolea hofu, kumbe nimewagawia. Anayecheza mara moja katika wiki tatu anaingia uwanjani na wiki tatu mgongoni. Kosa la dakika ya tano hana pa kulirekebishia isipokuwa mwezi ujao. Na wale wawili wanaokaa benchi, hata wawe na roho safi namna gani, kila krosi ikipigwa kuna kitu kinachezacheza ndani yao, na aliye golini anakisikia mgongoni kwake. Upande wa pili, ningemwacha mmoja acheze zote, wawili wangerudi kwenye ziwa na randa, na huyo mmoja pengine angevunjika kabla ya Krismasi. Mpaka leo sijui lipi lingekuwa na nafuu. Wanaojua ni wale waliokaa jukwaani.

Kuna jambo dogo sharti nilitaje hapa, la glovu. Timu ilikuwa na jozi moja nzuri. Jozi nyingine mbili zilikuwa zimekwisha viganja, zimebaki mgongo tu, za kufanyia mazoezi. Kwa hiyo anayecheza ndiye anayevaa zile nzuri, na akitolewa katikati ya mchezo anamvulia anayeingia.

Jumamosi moja ya Desemba tulicheza na timu kutoka Kasulu, Uwanja wa Lake Tanganyika, mvua ikiwa imenyesha tangu saa sita. Ilikuwa zamu ya kijana wa Kibirizi na ilikuwa giza, tena giza lenyewe hasa. Alikuja amenyoosha shati, lakini macho yake yalikuwa mekundu na vidole vimevimba kwa kuvuta kamba. Nikamuuliza, "Umelala?" Akanijibu, "Nimelala, mwalimu." Nilijua hajalala. Nilijua kwamba baba yake alikuwa na deni la taa na mafuta na kwamba usiku tatu mfululizo mwanawe alikuwa majini. Lakini nilikuwa nimeapa mbele ya vijana wote kwamba zamu haivunjwi kwa lolote, na nilipenda sana kuonekana mtu wa neno lake. Nikapeleka jina lake kwa kocha.

Dakika ya 8 ilipigwa krosi ya upande wa kulia, akabaki amesimama juu ya mstari kama aliyetumwa akasahau alichotumwa. Bao. Dakika ya 22 shuti la mbali, la kawaida, mpira ukagonga maji mbele yake, ukapita kati ya mikono na magoti. Bao. Uwanja ukaanza kumwita majina. Nyuma ya benchi letu alikuwepo mjumbe mmoja wa kamati, akainama akanisemesha sikioni, nami sitaandika alichosema kwa sababu si yeye aliyeamua. Niliamua mimi. Dakika ya 27 nikamwambia kocha namtoa.

Kutoka goli la upande ule mpaka mstari wa katikati ni mbali. Fowadi akitolewa hutoka kwa makofi, au hutoka kimyakimya kwa mstari ulio karibu. Kipa anakatiza nusu uwanja peke yake mchezo ukiwa umesimama, na kila jicho linamtazama. Alitembea, hakukimbia. Alipofika mstarini akaanza kuvua glovu ampe mwenzake wa Ujiji, zikagoma kwa maji. Akavuta kidole kimoja kimoja. Mwamuzi akapiga filimbi ya kuharakisha. Watu wakacheka. Mimi wakati huo nilikuwa nimemgeuzia mgongo, nimemshika bega yule wa Ujiji, namweleza habari za krosi. Nilipogeuka alikuwa ameshapita, ameketi mwisho wa benchi, mikono imening'inia katikati ya magoti.

Tulisawazisha, 2-2. Kijana wa Ujiji alidaka siku ile kama mtu aliyeahidiwa pepo. Jioni mtaani nilipewa mikono, nikaambiwa kocha ni yule anayethubutu. Mkuu wangu wa shule aliniletea soda. Nami nilikunywa soda ile.

Jumatatu kijana wa Kibirizi hakuja mazoezini. Jumatano hakuja. Nikatuma mtu, akarudi na jibu kwamba yuko ziwani. Nikatuma tena wiki iliyofuata, jibu likawa lile lile. Kibirizi si safari. Kutoka nyumbani kwangu unashuka kwa miguu na kurudi kabla chai haijapoa sana, na mimi nilikuwa na baiskeli. Sikwenda. Nilijiambia kwamba kijana mwenye nia angekuja mwenyewe. Kisha nikajiambia kwamba ninayo madaftari ya kusahihisha. Mwisho sikuwa najiambia kitu chochote.

Januari tulikwenda Uvinza kwa treni. Seremala alikuwa kitandani na homa, wa Kibirizi ndiyo hivyo, kwa hiyo kipa alikuwa mmoja tu, wa Ujiji, na benchi hapakuwa na mtu wa kuvaa glovu isipokuwa mimi mwenye miaka 50 na ushei. Kipindi cha kwanza alifungwa matatu, mawili ya kipuuzi kabisa. Alinitazama baada ya bao la tatu, na macho yake yaliniomba nimtoe. Sikuwa na wa kumwingiza. Wakati wa mapumziko nilimfuata golini alikokuwa amebaki ameketi, nikaketi naye chini ya nguzo, tukala chungwa moja. Sikumfundisha kitu. Nilimuuliza habari za mtihani wake. Kipindi cha pili alidaka kila kitu, hata mpira mmoja ambao nilikuwa nimeshauandikia bao moyoni. Tulifungwa 3-1, tukarudi juu ya lori la chumvi, na kuanzia siku ile akawa kipa. Alifika mpaka daraja la kwanza, kisha akaenda kusomea ualimu.

Wachezaji wa zamani wanapokutana, kisa cha Uvinza ndicho wanachokisimulia kunisifu. Wanasema mwalimu alimwacha kijana ndani akakomaa. Nimejaribu mara mbili kuwaeleza kwamba nilimwacha kwa sababu hapakuwa na mwingine. Wanadhani ni unyenyekevu.

Kwa umri wangu nimekuwa nikisoma habari za makipa kama wengine wanavyosoma habari za watawala. Nimemsoma Moacir Barbosa wa Brazil, aliyefungwa bao la pili na Uruguay mwaka 1950 pale Maracanã, 2-1, siku ambayo nchi yake ilihitaji sare tu iwe bingwa wa dunia. Alikuwa kipa hodari kabla ya siku ile na hata baada yake, lakini aliubeba mzigo wa bao lile moja mpaka alipofariki mwaka 2000. Nusu karne. Namtaja ili kuonyesha kwamba kucheka kwa watu wa uwanja mdogo kama wetu kuna ndugu zake wakubwa.

Lakini aliyenifungua macho hakuwa kipa, wala mchezo haukuwa mpira wa miguu. Katikati ya mwaka 2019 nilikwenda Dar es Salaam kwa matibabu ya macho, na mtoto wa dada yangu akanipeleka Shule ya Sekondari Azania kunionyesha uwanja wa besiboli uliofunguliwa pale mwaka 2018 kwa msaada wa Japani. Vijana walikuwa wakicheza. Kwangu ulikuwa mchezo wa kusimama simama tu, mpaka mpwa wangu aliponionyesha yule aliyesimama peke yake juu ya kilima kidogo cha udongo katikati. Huyo ndiye mrushaji. Anamrushia mpira mpigaji mwenye gongo, kutoka umbali wa mita 18 na nusu hivi, na kila kinachotokea kinaanzia mkononi mwake. Akiharibu, hakuna wa kumsingizia. Nikasema, kumbe huyu ni kipa. Mpwa wangu akaniambia kwamba timu kubwa za Marekani huwa na warushaji watano wanaoanza mechi kwa zamu, kila mmoja akirusha siku yake na kupumzika siku nne hivi, kwa sababu mkono wa binadamu hauwezi zaidi. Za Japani huwapumzisha zaidi, mara nyingi mmoja kwa wiki. Nikashtuka kusikia neno zamu. Mimi nilidhani nimelibuni mwenyewe mwaka 2004.

Kisha mrushaji wa upande mmoja akaanza kuharibu. Nikaona jambo ambalo sikuwa nimewahi kuliona katika mpira wetu. Kocha alitoka kwenye benchi akaingia uwanjani, akatembea mpaka juu ya kile kilima. Mchezo ukasimama ukamngoja. Wakasemezana kidogo, akarudi, kijana akaendelea. Baadaye mambo yakawa mabaya zaidi, akatoka tena, na mpwa wangu akaniambia, "Sasa anamtoa. Akimfuata mara ya pili katika awamu hiyo hiyo, ndiyo mwisho." Kijana akamkabidhi mpira mkononi. Kocha akampigapiga begani, wakashuka kilimani, na mwingine akaja. Nilikaa pale na miwani yangu ya jua ya hospitali, nikakumbuka Uwanja wa Lake Tanganyika na glovu zilizojaa maji.

Baadaye nikasoma kuhusu kijana mmoja wa Japani, Kosei Yoshida, ambaye katika mashindano makuu ya shule za sekondari mwaka 2018 aliibeba shule yake ya kilimo mpaka fainali. Katika mechi 6 alirusha mipira 881. Fainali akaishiwa, wapinzani wakamchukulia pointi 12, shule yake ikapoteza 13-2. Alipoondolewa kwenye kilima hakutolewa uwanjani. Alihamishiwa kulinda upande wa kulia, akamaliza mechi pamoja na wenzake. Mwaka 2020 Wajapani wakaweka kikomo kwa warushaji wa sekondari, mipira isizidi 500 kwa wiki. Walichelewa, lakini waliweka. Kipa wetu hana upande wa kulia wa kuhamishiwa, najua. Hata hivyo benchi letu lilikuwa na nafasi upande wangu wa kushoto, na aliketi mwisho.

Tarehe 8 Septemba mwaka huo huo wa 2019 Taifa Stars walirudiana na Burundi Dar es Salaam, kufuzu Kombe la Dunia. Bujumbura ilikuwa 1-1, na Dar ikawa 1-1. Penalti. Na nani alikuwa golini? Kaseja yule yule, miaka 34, aliyerudishwa timu ya taifa wakati wengi tulikwisha kumzika. Tulishinda penalti 3-0. Huku kwetu mechi na Burundi ni mechi ya majirani. Kibandani nilikotazamia nusu ya watu walikuwa na shangazi au wakwe upande wa pili, na baada ya mechi ilibidi tuwanunulie wengine kahawa.

Siku chache baadaye nilishuka Kibirizi kutafuta dagaa. Mwezi ulikuwa mpevu, mitumbwi imepandishwa, watu wanashona nyavu. Nilikuwa nimewahi kumwona kwa mbali mara kadhaa katika miaka ile 15, kila mmoja akapita njia yake. Safari hii nilikwenda moja kwa moja alipoketi. Amenenepa, ana mitumbwi miwili ya kwake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Umemwona mwenzetu?"

"Nimemwona."

"Miaka 34, mwalimu! Miaka 34!" Akatikisa kichwa, sindano ya wavu ikiendelea kwenda.

Nikaketi juu ya ukingo wa mtumbwi. Nikamwambia kwamba siku ile ya mvua, ile mechi ya Kasulu, nilimtoa mapema, na kwamba nimetaka kumwambia hivyo kwa muda mrefu.

Akacheka. "Mapema? Ulichelewa. Mimi nilikuwa nimelala tangu filimbi ya kwanza. Lile bao la kwanza sikuliona, nilisikia kelele tu."

"Basi mbona hukurudi?"

Sindano ikasimama. Akatazama ziwani, ingawa hapakuwa na kitu cha kutazama. "Taa za mzee zilikuwa na deni. Nikasema nimalizie giza lile, mwezi ukitoka nirudi. Ila niliona haya kuja mwenyewe, ulikuwa umenipa mgongo. Nikamwambia mdogo wangu, mwalimu akija mwambie mwezi ukitoka nipo. Mwezi ukatoka, hukuja. Ukatoka tena." Akainua mabega. "Nikajua mmeshapata mtu."

Msamaha niliokuwa nimeubeba miaka 15 ulikuwa wa kumtoa, nao hakuuhitaji. Kwa hili jingine sikuwa nimeandaa neno, na nililosema lilikuwa la ovyo, kwamba siku zile kulikuwa na madaftari mengi. Akaitikia, "Ndiyo, mwalimu, kazi zilikuwa nyingi," kwa adabu ile ile aliyonijibia kwamba amelala.

Akaja mama mmoja kuuliza bei ya sado. Akaweka wavu chini akaenda kumpimia, wakavutana kidogo juu ya bei. Aliporudi nikamwambia nami anipimie sado moja. Alipima, akaongeza viganja viwili juu yake, viganja vile vile, na nilipotaka kulipia nyongeza akakataa. Nikafunga mfuko, nikapanda kilima kurudi nyumbani.